Kudesa si kosa, kosa ni kuishia kwenye desa

Majaribio yamekwisha, bumu halijaingia, na mwanafunzi asiye na hela jioni anabaki na starehe moja tu ya bure: kubishana. Safari hii ubishi wa chumbani kwetu ulihusu muziki na filamu. Mshkaji mmoja wa mwaka wa tatu alisimama kidete kwamba ubunifu Bongo umekufa. Eti kila wimbo unaovuma ni marudio ya wimbo wa zamani au biti ya Wasauzi, kila filamu ni hadithi ya Wanaijeria iliyovalishwa kanga, na mchawi wa yote ni pesa. Nusu ya chumba ikamuunga mkono. Nusu nyingine ikasema acha wivu, watu wanatafuta riziki.

Mimi nilichangia kidogo, lakini mtu hawezi kusema yote wakati watu sita wanaongea kwa pamoja. Kwa hiyo nayamalizia hapa.

Nasoma ualimu, basi niruhusuni nianze na neno ambalo kila aliyepita chuo Tanzania analijua: desa. Kwa ambao hawajapita, desa ni zile noti na maswali ya miaka ya nyuma yanayotolewa kopi, yakarithishwa mwaka hadi mwaka mpaka maandishi yanafifia. Hakuna asiyedesa. Ila kuna anayelisoma desa, akaelewa, akaenda maktaba kuongeza, akatoka na jibu lake. Na kuna anayelikariri kama lilivyo, pamoja na makosa ya yule aliyeliandika. Wote wawili wamedesa, lakini mmoja tu ndiye amesoma.

Hivyo ndivyo ninavyouona huu ugomvi wa nyimbo za kurudia na filamu za kuiga. Kurudia hakujawahi kuua ubunifu wetu. Kinachouua ni kuishia kwenye marudio, na zaidi kuchukua bila kumtaja wala kumlipa mwenye chanzo. Pesa inaingia hapo hapo katikati: ikikuta kopi inauza, haina haraka ya kusubiri jibu lako mwenyewe.

Tuanze na wazee, maana watu wanapenda kusema zamani kila kitu kilikuwa halisi. Jamani, zamani ipi? Pale Morogoro, Salum Abdallah aliunda bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba. Cuban! Santuri za Kikuba zilikuwa zimeingia Afrika Mashariki, vijana wakazisikiliza mpaka wakazimeza, wakaanza kupiga rumba na cha cha cha. Kama ungekuwepo miaka hiyo na roho ya mshkaji wangu wa mwaka wa tatu, ungesema hawa wameua ngoma zetu kwa kuiga watu wa mbali. Lakini Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 akiwa ameacha nyimbo za Kiswahili ambazo hakuna Mkuba angeweza kuzitunga. Alianza na desa, akamaliza na jibu lake.

Au chukua Zanzibar. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akawa mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kusikika kwa njia hiyo. Taarab yenyewe ilikuwa na asili ya Misri na Uarabuni, yeye akaiimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida. Siti alifariki mwaka 1950. Bi Kidude akazichukua nyimbo zile, akaziimba kwa sauti yake ya msasa na ngoma yake, hadi mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Halafu vijana wa Offside Trick nao wakamwendea Bi Kidude, wakatoka naye kwenye Ahmada. Kabla hajafariki, Aprili 2013, bibi wa Kiunguja alikuwa anachezwa disko na watoto wa shule. Hiyo ni minyororo ya kurudia na kurudia tena, na kila pete iliongeza kitu.

Bongo Fleva nayo je? Hapa ndipo mshkaji wangu alipotulia kidogo. Rapu ya Kiswahili haikuanza na wimbo halisi. Mmoja wa waliofungua njia ni Saleh Jabri, Saleh J, aliyeshinda mashindano ya Yo Rap Bonanza Dar es Salaam mwaka 1991 kwa kuichana Ice Ice Baby ya Vanilla Ice kwa Kiswahili. Na hiyo Ice Ice Baby ilikuwa imechukua besi ya Under Pressure ya Queen na David Bowie, wimbo wa mwaka 1981, jambo lililozua mzozo hadi kina Queen na Bowie wakatambuliwa kama watunzi. Yaani muziki ambao leo tunaulinda kama mali ya taifa una mizizi kwenye kopi ya kopi. Saleh J alichoongeza ni kimoja tu, lugha. Kilitosha kuwaonyesha wengine kwamba inawezekana. Miaka michache baadaye kina Kwanza Unit na Mr. II walikuwa wanasema mambo ya kwao kwa midundo ya kwao.

Singeli ndiyo kabisa. Vijana wa uswahilini Dar, kwenye vigodoro, walichukua vipande vya taarab na mchiriku wakavizungusha na kuviongeza kasi mpaka miguu ikashindwa kufuata. Kwa kitabu ni kuchukua kazi za watu. Kwa sikio ni muziki ambao haupo kwingine duniani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na Wazungu wakaanza kuuliza huu ni muziki gani. Nani aliwatuma vijana wale? Hakuna promota wala benki. Walikuwa na kompyuta ya kizamani na hamu ya kucheza.

Kwa hiyo mtu akiniambia marudio yanaua ubunifu, namuuliza: marudio yapi?

Maana yapo yanayoua kweli.

Tuangalie filamu, kwa sababu huko maiti tuliiona kwa macho. Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend ya George Tyson, na watu wakafurika. Ilikuwa na vijana wa Bongo Fleva ndani yake, mitaa tunayoijua, Kiswahili tunachoongea. Ikaonekana kumbe filamu ya kwetu inauzika. Mwaka 2006 marehemu Steven Kanumba akafanya Dar 2 Lagos pamoja na waigizaji wa Nigeria, hatua ambayo mimi naiheshimu. Alikwenda kwa walimu, akajifunza, jina lake likavuka mipaka. Alipofariki, Aprili 2012, mji mzima ulisimama.

Lakini nyuma yake kilichofuata ni kiwanda. Kilichouza mara moja kikatolewa kopi mara mia. Mwanamke tajiri katili, kijana maskini mwenye moyo safi, mama mkwe, mganga, ajali ya gari, hospitali, kilio. Nyumba ile ile yenye makochi yale yale. Filamu ya saa moja na nusu ikakatwa vipande viwili ili mnunuzi alipe mara mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, katikati matangazo ya filamu nyingine zinazofanana nayo. Mtu alikuwa anapiga filamu kwa siku chache ili wiki ijayo nyingine iwe dukani. Waliokuwa wanafanya hivyo walikuwa na hesabu yao, na hesabu ilikuwa sahihi kwa mwezi ule. Kwa muongo ilikuwa mbovu. Watazamaji wakachoka, wakahamia tamthilia za Kikorea na za Kituruki, na soko la diski likafa, likisindikizwa na uharamia na intaneti. Hakuna aliyekaa kikao akasema tuue ubunifu. Kila mmoja alichukua njia fupi, na njia fupi zote zilielekea shimo moja.

Linganisha na Lufufu, yule mtafsiri wa filamu aliyevuma mabandani miaka ile ya 2000. Alikuwa anachukua filamu ya Kizungu au ya Kichina na kuisimulia kwa Kiswahili juu ya picha, akimpa Mchina hasira za Mbagala. Ukiniuliza kisheria, mwenye filamu alikuwa hapati chochote, na hilo sikubaliani nalo. Lakini ukiniuliza nani kati yake na ile filamu ya makochi alikuwa mbunifu zaidi, sitapoteza muda kujibu.

Muziki sasa. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa Salome. Wote mnajua umetoka wapi. Ni Maria Salome wa Saida Karoli, ule wa mwaka 2001 ambao wengi wetu tulikua tukiuita Chambua Kama Karanga bila kujua neno moja la Kihaya. Watu walibishana sana: mmoja anasema ameuharibu, mwingine anasema ameufufua. Mimi naona ulifanya mambo mawili makubwa. Kwanza, jina la Saida halikufichwa. Kila aliyeusikia alijua ni wake. Pili, mlango ukafunguka. Saida alikuwa amekaa kimya miaka mingi, na mwaka 2017 akarudi na Orugambo, mpya, ya kwake. Marudio yaliyomrudisha mtunzi kazini! Hilo desa limelipa.

Ila jiulize kilichofuata. Je, baada ya Salome tuliona vijana wakienda Bukoba, Sumbawanga, Lindi na Mbulu kusikiliza nini kingine kipo? Wachache mno. Wengi walijifunza somo moja tu, kwamba wimbo ambao watu wameshaupenda hauna hatari ya kukataliwa. Hapo ndipo biashara inapokula ubunifu polepole, kama mchwa. Haikatazi kitu kipya. Inakifanya kionekane cha hatari. Mwenye studio anauliza wimbo gani unavuma ili atengeneze unaofanana. Mtu wa redio anapiga unaofanana na uliopigwa. Simu nayo ikiona umesikiliza huu, inakuletea ndugu yake. Ndiyo maana amapiano ilipoingia kwa kishindo kutoka Afrika Kusini, ndani ya muda mfupi ile besi yake ilikuwa kwenye kila wimbo hapa Dar, kuanzia wa mapenzi hadi wa kampeni. Amapiano haina kosa lolote. Wasauzi waliitunga wenyewe vitongojini mwao. Swali ni sisi tumeiongezea nini, na tumeacha nini ili kuipisha.

Nawasikia wanaosema, "We mwanafunzi unakula ubwabwa wa bumu, unajua nini kuhusu msanii mwenye watoto?" Hoja nzito, siikwepi. Lakini bendi zetu za zamani pia ziliishi kwa pesa. Wanamuziki wa NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, na wa Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, walikuwa waajiriwa wanaolipwa mshahara, na ukumbi usipojaa kulikuwa na tatizo. Tena walikuwa na ushindani mkali kuliko huu wa leo. Lakini ushindani wao uliwalazimisha kutofautiana. Bendi ilikuwa lazima iwe na mtindo wake: hawa Msondo, hawa Sikinde, na Sikinde yenyewe ni jina la ngoma ya Wazaramo. Shabiki wa Msondo hakuhitaji kuambiwa, akisikia gitaa tu anajua. Leo funga macho, nipigie nyimbo kumi zinazovuma, uniambie prodyuza ni nani. Kwa hiyo pesa siyo mchawi peke yake. Kuna pesa inayolipia tofauti na kuna pesa inayolipia kufanana, na sisi wasikilizaji ndio tunaochagua kwa shilingi zetu na bando zetu.

Wakubwa wa dunia nao hawajapona. Disney walitoa The Lion King mwaka 1994, wakairudia mwaka 2019 kwa picha za kompyuta, hadithi ile ile karibu neno kwa neno, na ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Kwa mapato yale, utamwambiaje mwenye kampuni aache kurudia? Lakini mimi ni mtu wa Karatu, simba wa Serengeti na Ngorongoro ni majirani, kwa hiyo filamu ile naiangalia kwa jicho la mwenye nyumba. Simba, Rafiki, Pumbaa: maneno yetu hayo. Hakuna matata nayo Wamarekani waliisajili kama alama ya biashara, usajili ukakamilika mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi wakapiga kelele mtandaoni wakidai iachwe. Hao hao Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameshaiimba kwenye Jambo Bwana mwaka 1982.

Na kuna ule wimbo wa simba aliyelala. Ulitoka kwa Solomon Linda, Mzulu, aliyerekodi Mbube mwaka 1939 huko Johannesburg. Ukaimbwa upya Marekani, ukabadilishwa jina, ukawa wimbo mkubwa duniani mwaka 1961, ukaingia hadi kwenye The Lion King. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Ilibidi kesi ifunguliwe mwaka 2004 na makubaliano yapatikane mwaka 2006 ndipo binti zake waanze kupata mgao wa maana. Hakuna anayesema wale walioimba upya hawakuwa na vipaji. Walikuwa navyo. Walichokosa ni swali moja rahisi: huu ni wa nani?

Swali hilo ndilo linanirudisha kwetu, Endamarariek.

Karatu ni mlango wa Ngorongoro. Magari ya watalii yanapita mchana kutwa, na jioni hotelini wageni wanakaribishwa kwa nyimbo. Unajua wanaimbiwa nini? Jambo Bwana. Wimbo mzuri, uliotungwa pwani na bendi iliyokuwa ikipiga kwenye hoteli za watalii, ukasambaa kwa sababu ulifanya kazi. Kisha wanakuja vijana na ngoma ya kurukaruka ya Kimasai, wakati mwingine Mmasai mwenyewe hayumo. Mgeni amelala katikati ya nchi ya Wairaqw, amekula mahindi na maharage yaliyolimwa na Wairaqw, anaondoka hajasikia sauti moja ya Kiiraqw. Siwalaumu wale vijana, nao wanadesa kile kinacholipa. Lakini ona jinsi biashara inavyofanya: imechagua nyimbo mbili, na wengine wote wameambiwa kimyakimya kwamba vyao haviuziki.

Na watoto wamesikia. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko nyumbani, kwenye shule moja ya kata, niliwapa wanafunzi kazi ya vikundi katika somo la Kiswahili: tungeni wimbo. Vikundi vinane. Saba vilikuja na biti za simu na maneno ya mapenzi ya mjini, msichana anaachwa Sinza na mvulana mwenye gari. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufika Sinza. Kikundi cha nane walikuja na wimbo ambao bibi wa mmoja wao huuimba akipepeta mbaazi, wakaweka maneno mapya kuhusu ukame na ng'ombe. Darasa likacheka. Si kicheko cha furaha, ni kile cha kuona haya kwa niaba ya mwingine. Nikawaomba waimbe tena. Mara ya pili kicheko kikapungua. Mara ya tatu wa nyuma walianza kuitikia, kwa sababu ile kitu ina kiitikio na kila mtoto wa Kiiraqw mwitikio uko damuni: ukiwa mdogo umeshasikia slufay, mzee anatamka baraka na watu wote wanajibu.

Jamani, hii ndiyo hatari ninayoiona, na ndiyo sababu naandika. Desa letu wenyewe hatujalisoma. Tunabishana kama Diamond aruhusiwe kurudia wimbo wa Kihaya, wakati Kihaya angalau kilipata Saida wake, kikarekodiwa, kikawa na jina juu ya kava. Kiiraqw kina nyimbo za kupepeta, za harusi, za kuchunga, na slufay ndefu ambazo wazee wachache ndio wanazijua mwanzo hadi mwisho. Siku hao wakiondoka, hakutakuwa na cha kurudia. Na kama kabla ya hapo akija mtu na kinasa sauti chake akachukua, akaweka besi, akavuma, nani atamtaja bibi wa mbaazi?

Usiniambie haiwezekani. Karibu kabisa na sisi, Arusha, X Plastaz walianza mwaka 1996, wakachanganya rapu ya mtaani na uimbaji wa Kimasai wa Merege, Mmasai mwenyewe, jina lake likiwa kwenye kundi na siyo nyuma ya pazia. Mwaka 2004 wakatoa albamu ya Maasai Hip Hop kupitia lebo ya Ujerumani, wakazunguka nchi za watu. Walichukua hip hop ya Marekani, ndiyo. Wakaweka na cha nyumbani, wakakitaja. Ubunifu na soko vilikaa meza moja.

Sasa mimi nina maswali matatu ambayo nayatumia nikisikia wimbo au nikiona filamu ya kurudia. Kwanza, ameongeza nini? Hata lugha inatosha, kama kwa Saleh J, mradi pawe na kitu. Pili, mwenye chanzo ametajwa na amepata chochote? Tatu, baada ya hapo chanzo kimebaki hai au kimekauka? Salome inafaulu yote matatu. Sounds of Sisso nayaulizia la pili, kwa sababu wale waimbaji wa taarab waliokatwa vipande nadhani wengi hawajui. Wimbo wa simba ulifeli la pili kwa zaidi ya miaka 40. Filamu za makochi zilifeli yote.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, ina COSOTA ya kuisimamia, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho hakuna aliyekiandika kwamba kipo. Na hapo ndipo sisi walimu tunapoingia. Mtaala ulioanza mwaka 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo shule za msingi. Tunaweza kulifundisha kwa kuwachezesha watoto nyimbo za kwenye simu, ni rahisi, hata mwalimu anapumzika. Au tunaweza kumtuma kila mtoto nyumbani na kazi moja: rudi na wimbo mmoja wa bibi au babu, andika maneno, andika nani kaimba, kijiji gani, tarehe gani. Simu ya mzazi inarekodi. Daftari moja kwa darasa moja. Shule ya kata yenye madarasa nane kwa mwaka itakuwa na hazina ambayo hata vyuo vikuu hawana, na kila wimbo utakuwa na mwenyewe.

Baada ya hapo waacheni warudie. Waweke besi, waweke singeli, waweke amapiano wakitaka. Mimi sitawazuia na sitasema wameharibu utamaduni. Nitauliza tu nani kautunga na kapata nini, halafu nitacheza.

Nawasilisha. Anayepinga aje na mfano, siyo matusi. Na ambaye bumu lake limeingia, asijifiche, chumba chetu mnakijua.